Farasi Ishirini, Mara Mbili

Mwanjelwa, saa mbili asubuhi, baridi bado imo vidoleni.
Tweve ameitumbukiza injini kwenye pipa la maji ya mvua,
anavuta kamba: inakohoa. Anavuta tena: inakohoa, inanguruma,
moshi wa buluu unapanda juu ya maduka ya vitenge.
"Arobaini, mama. Farasi arobaini. Chukua mbili,
utafika Ikombe kabla chai haijapoa."

Mkobani nina karatasi ya daftari la mwanangu
na hesabu niliyoiandika kwa kalamu inayokwama:
boti tupu, kilo mia tisa na ushee
(Asangalwisye aliipima kwa mzani wa kakao,
kipande kwa kipande kabla ya kuiunga, watu wakamcheka),
vyungu mia mbili na majani ya migomba ya kuvifungia,
abiria kumi na wawili, na yule wa kumi na tatu asiyekosekana,
petroli, nanga, mbuzi wa mtu.
Jumla: tani mbili na nusu, kasoro mbuzi.

Boti yangu ina matumbo mawili,
na kati yake sakafu
ambayo ziwa hupita chini yake bila kubisha hodi.
Injini moja, hapo katikati?
Tulijaribu, ya kuazima.
Mawimbi yakiinuka panga linakula povu,
linapiga kelele kama mtoto aliyenyimwa,
na boti haiendi.

Basi mbili. Hilo halina mjadala.
Moja ikizima mbele ya miamba
nyingine itamburuta pacha wake,
upandeupande, kama mlevi, lakini nyumbani.

Ubishi ni farasi.

Mwaijande alipachika sitini
kwenye kibao cha mkaratasi.
Tezi ikazama, omo ikatazama mbingu;
leo kuku wanataga ndani yake, pale Matema, nyuma ya soko.
Lusekelo naye, kwa ubahili, alinunua nane.
Aliifungulia yote, alfajiri hadi magharibi,
mwera ukamkuta njiani, akawa anakwenda mbele huku anarudi nyuma.
Mwezi wa tatu pistoni ikashikana.
Ndogo inayokabwa kutwa
hunywa kuliko kubwa inayobembelezwa.
Haya hakunifundisha mtu. Nililipa mafuta yale; Lusekelo ni mume wangu.

Jumapili tuliazima ishirini mbili za misheni.
Magunia ya mchanga yakakaa viti vya abiria,
vyungu ishirini vya mama vikakaa omo.
Robo tatu ya gesi: ziwa likanyamaza chini ya sakafu,
tukapita mitumbwi ya Wakisi, wakatupungia.
Kimoja kilivunjika.
Gesi yote: sakafu ikapigwa makofi,
vikavunjika saba.
Mama alikuwa ufukoni na kidole hewani, akihesabu.
"Mimi nauza vyungu," alisema, "siuzi vigae."

Namwambia Tweve: ishirini.
Mbili. Mguu mrefu. Na panga la kubebea,
si hilo la kukimbilia.
Anacheka, anapangusa mikono kwenye ovaroli.
"Ishirini? Hii arobaini yenyewe unaisikia inavyokohoa!"

Inakohoa kwa sababu ni Mbeya, namjibu.
Hewa ya huku nyembamba. Hata mimi
nimepanda kutoka Kyela jana, ngazi za gesti zimenihemesha.
Ishushe ziwani uone.

Anazima. Maji ya pipa yanazunguka peke yake, kisha yanaacha.
Tunabishana bei mpaka adhuhuri.
Zinabaki elfu thelathini na sita: plagi nne,
kamba ya ziada, nauli.

Fuso la viazi linatubeba.
Nimezilaza juu ya magunia, chini ya blanketi moja,
vichwa upande huu, miguu upande ule.
Masikio yanaziba Isongole,
yanazibuka Kiwira, moja, halafu la pili.
Migomba inaanza. Joto linapanda kutoka Ipinda.
Nanyanyua ncha ya blanketi,
nazifunua pua.